UZI: Mbegu unazopima leo zilianza kutengenezwa miezi mitatu iliyopita. Tuongee yanayoharibu uzazi wa mwanaume

#1 Mleta uzi

Wakuu kwema? Mimi ni mtu wa maabara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuangalia manii chini ya darubini, kwahiyo nitakayoandika hapa ni yale ninayoyaona mezani na yale yanayojulikana kwenye fani, sio stori za kijiweni. Uzi utakuwa mrefu, asiyependa kusoma apite salama.

Kabla ya yote tuondoe hili maana ndio linapoteza wanaume wengi. Nguvu za kiume ni kitu kimoja na uwezo wa kutia mimba ni kitu kingine kabisa. Mtu anaweza kuwa jogoo kitandani, hachoki, anamwaga vizuri, halafu sampuli yake ukiizungusha yote kwenye mashine na kuitafuta huoni hata mbegu moja. Hayo majimaji unayoyaona, kama asilimia 65 mpaka 75 yanatoka kwenye vifuko vya manii na robo hivi inatoka kwenye tezi dume, mbegu zenyewe ni asilimia 2 mpaka 5 tu ya ujazo wote. Ndio maana mwanaume aliyefungwa mirija kwa vasektomi akimwaga haoni tofauti yoyote. Sasa mtu anakwambia "mimi zangu nzito, tatizo liko kwa mke wangu". Uzito hauhesabu mbegu mkuu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti 2023 kwamba kama mtu 1 kati ya 6 anapitia ugumba kwenye maisha yake, na ugumba kitabibu ni mwaka mzima wa kukutana mara kwa mara bila kinga bila mimba kuingia. Upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke, kwenye karibu nusu ya kesi. Halafu bado ni mwanamke anayezungushwa miaka, anapigwa picha za mirija, anameza vidonge, anasemwa na mawifi, wakati kipimo cha mwanaume ni kikopo kimoja tu. Hili linaniudhi na sifichi.

Sasa kitu ambacho nataka mkishike mpaka mwisho wa uzi ni muda. Mbegu moja inatengenezwa kwenye korodani kwa takriban siku 74, halafu inapita kwenye kile kimrija kilichojikunja nyuma ya korodani kwa wiki moja mpaka mbili ikikomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Jumla weka miezi mitatu. Maana yake majibu ya leo yanakuonyesha ulivyokuwa ukiishi miezi mitatu nyuma, ukiugua homa kali mwezi juzi itaonekana leo, ukiacha sigara leo usije wiki ijayo kuniuliza mbona bado.

Vipimo vya chini ambavyo maabara nyingi zinatumia ni vya mwongozo wa WHO wa 2021: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita au milioni 39 kwa sampuli nzima, zinazotembea jumla asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, zilizo hai asilimia 54, na zenye umbo sahihi asilimia 4. Ndio, nne. Na hizo namba sio ukuta kwamba chini yake huzai na juu yake unazaa. Walichukua wanaume ambao wenza wao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakaangalia wale asilimia 5 wa mkiani wameishia wapi. Yaani hata hao wa chini ya mstari walipata watoto. Kwahiyo karatasi moja isikuue presha, kipimo kinarudiwa, kwasababu manii ya mtu yuleyule yanapanda na kushuka sana.

Naendelea muda si mrefu, wenye maswali wekeni.

#2

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu usituache njiani.

#3

Mkuu mimi karatasi yangu imeandikwa umbo sahihi asilimia 3, na chini imeandikwa mbegu nyingi zina kichwa kibovu na mikia miwili. Tangu nisome hiyo silali. Ina maana nikipata mtoto atazaliwa na ulemavu?

#4 Mleta uzi

Hapana mkuu, lala. Umbo la mbegu sio umbo la mtoto. Kichwa cha mbegu kikiwa kirefu kidogo au shingo ikipinda, hiyo ni kasoro ya usafiri na ya kupenya yai, haimaanishi mzigo wa vinasaba uliomo ndani umeharibika kwa namna hiyohiyo. Asilimia 3 iko chini kidogo ya mstari na kama idadi na mwendo viko vizuri wanaume wengi wa hivyo wanazaa bila msaada. Halafu hesabu ya umbo inategemea sana jicho la anayesoma, wasomaji wawili wanaweza kukupa namba mbili kwenye slaidi moja.

Tunaposhtuka ni pale ambapo karibu mbegu ZOTE zina kasoro ileile moja. Mfano zote vichwa mviringo bila ile kofia ya mbele yenye vimeng'enya vya kutoboa yai, hiyo mara nyingi ni jeni inayoitwa DPY19L2. Au zote vichwa vikubwa na mikia kibao, hapo inatafutwa jeni ya AURKC, na hizo kweli zinabeba kromosomu zilizozidi. Au zote ziko hai lakini hakuna inayotikisika, na ukimuuliza mwenyewe anakwambia toka utotoni anasumbuliwa na kifua na mafua yasiyoisha. Hiyo sio bahati mbaya, mkia wa mbegu na vile vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa vina injini ya aina moja, zikizaliwa mbovu zinakuwa mbovu kote. Wapo wenye hali hii ambao moyo uko upande wa kulia na hawajui mpaka wapigwe picha ya kifua.

Mchanganyiko wa kasoro kama ulivyoeleza wewe, vichwa hivi mikia vile, mara nyingi unaonyesha korodani inafanya kazi kwenye mazingira magumu. Joto, moshi, sumu, maambukizi, uzito. Hapo ndio pa kuanzia.

#5 Mleta uzi

Tuje kwenye joto basi. Korodani zinaning'inia nje kwa sababu zinahitaji kuwa na ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 4 chini ya joto la mwili. Kitu chochote kinachofuta hiyo tofauti kinagusa uzalishaji.

Anayeongoza ni varikosili, yaani vena za korodani kuvimba na kujikunja, ukisimama ukashika unahisi kama furushi la minyoo laini juu ya korodani. Damu yenye joto inasimama pale badala ya kuondoka. Wanaume kama asilimia 15 wanayo na wengi wanazaa tu, lakini ukienda kwa wanaume wanaotafuta mtoto wa kwanza bila mafanikio unaikuta kwa asilimia 35 mpaka 40. Karibu kila mara ni kushoto, kwasababu vena ya kushoto inamwaga damu kwenye vena ya figo kwa kona kali wakati ya kulia inaingia moja kwa moja kwenye vena kubwa. Ikitokea kulia peke yake, na imeanza ghafla ukubwani, daktari lazima aangalie tumboni kuna nini kinachobana. Upasuaji wake unasaidia pale ambapo varikosili inaonekana au inashikika kwa mkono NA majibu ya manii ni mabaya, ile inayoonekana kwenye ultrasaundi tu usikimbilie kisu. Na ukifanyiwa, rudi kwenye ile kanuni, miezi mitatu ndio uanze kupima.

Korodani ambayo haikushuka utotoni ni ndugu wa hilohilo. Mtoto wa kiume akizaliwa nayo iko juu, inaweza kushuka yenyewe miezi ya mwanzo, ikifika miezi 6 haijashuka anapelekwa kwa daktari wa upasuaji na inashushwa kabla hajafika miezi 18. Sio "akikua itashuka". Akikua kinachobaki ni mbegu chache na hatari kubwa zaidi ya kansa ya korodani, na wazazi mnaosoma hapa mkawaangalie watoto wenu leo.

Homa kali pia ni joto, hata iwe ya wiki moja. Matubwitubwi ndio mabaya zaidi kama yamekupata baada ya kubalehe, yanaingia kwenye korodani kwa asilimia 15 mpaka 30 ya wanaume wa umri huo, inavimba, halafu inasinyaa.

Sumu nyingine ni za kazini na hapa kuna kisa ambacho kila mtu kwenye fani anakijua. 1977, California, wafanyakazi wa kiwanda cha viuatilifu walianza kuambiana wao kwa wao mbona hakuna anayepata mtoto. Wakapimwa, wengine sifuri kabisa, wengine chache mno. Mhalifu alikuwa dibromokloropropani, dawa ya kuua minyoo ya mizizi kwenye udongo. Wapo waliopona baada ya kuondolewa, waliokuwa sifuri kwa muda mrefu wengi wao hawakurudi. Angalia, hakuna daktari aliyeligundua, ni wafanyakazi wenyewe wakiongea. Kwahiyo kama unashinda kwenye risasi ya betri, kadmiamu, viyeyusho vya rangi au viuatilifu, mwambie daktari unafanya kazi gani kabla hajakuandikia vitamini.

Sigara inapunguza idadi na mwendo na inakata DNA ndani ya kichwa cha mbegu, bangi nayo imo, pombe ya kupindukia nayo imo. Sina la kuongeza, mnajua.

#6

Naomba niulize na wasinicheke. Nipo gym miaka kadhaa, nachoma testosteroni, mwili umejibu balaa na hamu iko juu kuliko zamani. Mwenzangu hashiki mimba. Nilijua homoni ya kiume ikiongezeka ndio mbegu zinaongezeka?

#7 Mleta uzi

Hakuna wa kukucheka mkuu, na umeuliza swali ambalo ningeambiwa nichague moja tu la kuandika kwenye uzi huu ningechagua hilo.

Iko hivi. Ubongo ndio unaoiamrisha korodani, kupitia tezi ndogo chini yake inayotoa homoni mbili, LH na FSH. LH inaiambia korodani itengeneze testosteroni, FSH inazisimamia seli zinazolea mbegu. Ukijichoma testosteroni kutoka nje, ubongo unaona damu imejaa, unafunga zote mbili. Sasa mbegu hazitengenezwi kwa testosteroni ya kwenye damu, zinahitaji ile iliyoko ndani ya korodani kwenyewe, ambayo ukali wake ni makumi ya mara kuliko ya kwenye damu, na sindano haiwezi kuufikia. Matokeo yake nje unaonekana dume la nguvu na ndani kiwanda kimefungwa, wafanyakazi wamerudishwa nyumbani. Korodani zinasinyaa pia, jiangalie.

Na hii sio nadharia, Shirika la Afya Duniani liliwahi kuzijaribu sindano za testosteroni za kila wiki kama UZAZI WA MPANGO wa wanaume, na wengi walifika sifuri ndani ya miezi sita. Wewe unalipia kinga ya mimba huku unatafuta mimba.

Habari njema ni kwamba kwa wengi mbegu zinarudi ukiacha, kawaida kati ya miezi 6 na 12, wengine mpaka miaka miwili, na wachache hazirudi zilivyokuwa. Kadri ulivyochoma muda mrefu na kwa dozi kubwa ndivyo inavyochelewa. Lakini usiache kienyeji peke yako, maana ukikata ghafla ubongo bado umelala na sindano haipo, unabaki bila testosteroni kabisa, uchovu, huzuni, hamu sifuri, na hapo ndipo wengi wanapotoroka na kurudi kwenye bomba. Nenda kwa daktari wa homoni au wa mfumo wa mkojo, zipo dawa kama klomifeni na hCG za kuiamsha korodani. Na umwambie ukweli unatumia nini.

Hili linawahusu pia waliopewa testosteroni hospitali kwa uchovu. Kama bado unataka mtoto, mwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza.

Dawa nyingine zinazogusa uzazi: sulfasalazini ya utumbo (ukibadilishiwa, mbegu zinarudi), finasteridi ya nywele na tezi dume, tamsulosini inayoweza kukufanya umwage kidogo sana au manii yarudi kwenye kibofu, baadhi ya dawa za sonona. Msiache dawa kwa kusoma uzi, ulizeni anayewatibu. Na mtu akipangiwa kemotherapia au mionzi ahifadhi mbegu kwenye baridi KABLA, dozi ya kwanza ikishapita umechelewa.

#8

Samahani kaka mleta uzi, mimi ni mwanamke. Mume wangu ana mtoto wa ujanani kwa mwanamke mwingine, kwahiyo hataki kusikia kupima, anasema yeye ameshathibitisha. Mimi nimepimwa kila kitu niko sawa.

#9 Mleta uzi

Dada pole. Mtoto wa zamani ni ushahidi wa mbegu za zamani. Varikosili huwa inaendelea kuharibu taratibu, na kwa wanaume waliowahi kuzaa halafu wakakwama inakutwa kwa wingi kuliko hata kwa wale wanaotafuta wa kwanza. Kati ya mtoto yule na leo anaweza kuwa alipata kisonono au klamidia iliyopona juujuu ikaacha kovu na kuziba mirija, klamidia hasa, inapita kimya bila usaha wala maumivu. Kifua kikuu na kichocho navyo vinaingia kwenye mirija hiyo. Anaweza kuwa alipasuliwa ngiri na mrija ukaguswa. Amenenepa, na mafuta yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Ameingia kisukari, neva zinazofunga mlango wa kibofu zimechoka, manii yanarudi nyuma. Na umri, baada ya 40 mwendo unashuka na mikatiko ya DNA inaongezeka, polepole lakini ipo.

Kinachowasaidia wengine kukubali ni kujua hakuna sindano wala kisu. Akae bila kumwaga siku 2 mpaka 7, sio siku 20 akidhani anakusanya, zikizidi zinakufa humohumo. Anatoa kwa mkono, bila kondomu ya kawaida, bila mafuta wala mate maana vinaua mbegu, na tone la kwanza lisianguke kwasababu ndio lenye mbegu nyingi. Kama anatolea nyumbani ifike maabara ndani ya saa moja, kikopo kikiwa karibu na mwili kisipate baridi. Basi.

Na mwambie hivi, wanaume wenye manii mabaya wanakutwa na kansa ya korodani zaidi ya wengine. Kipimo hiki kinamhusu yeye mwenyewe hata kama mtoto asingekuwa hoja.

#10

Mbona hujagusa chupi za kubana, simu mfukoni na laptopu mapajani? Na hii ya kwamba dunia nzima mbegu zinaisha ni kweli au ni kutishana?

#11 Mleta uzi

Laptopu ni joto na miguu kubanwa pamoja. Walipima wakakuta saa moja ya laptopu mapajani inapandisha joto la pumbu kwa zaidi ya nyuzi 2.5, na sehemu kubwa ya hiyo ni mkao wenyewe, kubana mapaja. Chupi, utafiti wa Harvard wa 2018 kwa wanaume 656 ulikuta wanaovaa boksa pana wana mkusanyiko wa mbegu wa juu kwa asilimia 25, ila wa chupi za kubana nao wengi wao walikuwa kwenye kiwango. Kwahiyo kama una milioni 80 vaa unachotaka, kama una milioni 9 kwanini ujinyime kitu rahisi hivyo? Simu, ushahidi unavutana, mimi siwezi kumtisha mtu nayo.

Hiyo ya dunia nzima inatoka kwa mtafiti Levine na wenzake. 2017 walikusanya tafiti za nyuma wakakuta mkusanyiko wa mbegu Amerika Kaskazini, Ulaya, Australia na New Zealand ulishuka kwa zaidi ya nusu kati ya 1973 na 2011, na 2022 wakaongeza Asia, Afrika na Amerika Kusini, picha ileile, kutoka kama milioni 101 mpaka 49 kwa mililita. Wapo wanaobisha kwamba njia za kuhesabu zimebadilika na waliopimwa zamani sio watu wa aina moja na wa sasa, na ni hoja yenye uzito. Ila hata 49 bado iko mbali juu ya 16. Mimi nisingekosa usingizi kwa wastani wa dunia, wewe una karatasi yako.

Na kabla hamjauliza virutubisho: jaribio kubwa la Marekani lililotoka 2020, wanaume zaidi ya elfu mbili, walipewa zinki na asidi ya foliki. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka, na mikatiko ya DNA ilikuwa juu kidogo kwa waliomeza. Wauzaji hawatawaambia hilo.

#12

Mkuu mimi nimeandikiwa sifuri. Mara mbili. Ndio basi?

#13 Mleta uzi

Sio basi. Sifuri ziko za aina mbili na zina njia tofauti kabisa.

Ya kwanza, mbegu zinatengenezwa ila njia imeziba. Korodani zina ukubwa wa kawaida, FSH iko kawaida. Ujazo ukiwa mdogo sana na manii yana asidi, inawezekana umezaliwa bila mirija yenyewe, na hapo wewe na mwenza mnapimwa jeni ya CFTR (inayohusika na ugonjwa wa kurithi wa cystic fibrosis) kabla ya chochote. Mbegu zinachukuliwa kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye korodani na kuingizwa kwenye yai moja moja, njia inaitwa ICSI, watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa 1992 na sasa ni kazi ya kila siku.

Ya pili, korodani yenyewe haizalishi au inazalisha kidogo sana. FSH inapanda juu, korodani ndogo. Hapa kromosomu zinapimwa, kwa mfano X ya ziada ambayo ipo kwa mwanaume kama 1 kati ya 600 na wengi hawajui, na kipande kilichokatika kwenye kromosomu Y. Eneo hilo lina sehemu tatu, AZFa, AZFb na AZFc. Kikikosekana chote kwenye AZFa au AZFb usikubali kupasuliwa kutafuta mbegu, hazipatikani. Ikiwa ni AZFc zinapatikana kwa wengi, ila mtoto wa kiume ataurithi upungufu huohuo, mjue kabla.

Kabla ya hayo yote hakikisha sampuli ilizungushwa kwenye mashine na mashapo yote yakaangaliwa, maana mbegu tano zilizojificha zinabadilisha mpango mzima. Na kama uliwahi kutumia zile sindano za #6, anzia hapo. Ujazo wako ni mililita ngapi, na FSH umeshapima? Weka hapa tuangalie.